Vifaa vya 'wingu': Hofu iko kwenye nyaya, hatari iko kwenye leseni

Mtandao wa kompyuta ukilala katika tawi la Mwanza saa nne asubuhi, mauzo nayo yanalala. Simu inapigwa makao makuu Kariakoo, fundi anatafutwa, naye anaanza kuuliza kama taa ya ruta ni ya kijani au nyekundu. Kijana wa kaunta hajui ruta ni ipi kati ya visanduku vitatu vilivyo juu ya kabati. Anachomoa kimoja, anakichomeka tena, na hata wale waliokuwa na mtandao wanaukosa. Mteja mwenye oda ya jumla anatazama saa, anasema atarudi baadaye, na kwa kawaida ya soko mteja wa namna hiyo harudi.

Hali hii ndiyo inayoviuza vifaa vya mtandao vinavyosimamiwa kupitia wingu, au klaudi kama mafundi wengi wanavyosema. Muuzaji anakuja na karatasi ya bei, anaeleza kwamba tawi la Mwanza litatazamwa na kurekebishwa kutoka Dar es Salaam bila mtu kupanda basi, na mwenye biashara anatakiwa aamue. Wengi huamua haraka, ama kwa kuvutiwa au kwa kuogopa, na katika hali zote mbili wanaangalia mahali pasipo.

Maana ya wingu ni rahisi kuliko jina linavyosikika. Ruta, swichi na vifaa vya kurushia waifai vinabaki palepale dukani. Kinachohama ni usimamizi. Badala ya fundi kwenda tawini na kompyuta yake kubadilisha maagizo, kila kifaa kinajiripoti chenyewe kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta za mtengenezaji, ambazo aghalabu ziko ng'ambo. Mwenye kibali anafungua ukurasa mmoja popote alipo na kuona matawi yote: kipi kinafanya kazi, kipi kimezimika, nani anamaliza bando kwa kutazama filamu saa za kazi. Neno la siri la waifai likivuja Mbeya, linabadilishwa kutoka Kariakoo. Marekebisho ya usalama yanashuka yenyewe usiku. Kifaa kipya kinaweza kutumwa kwa basi, kikachomekwa na kijana wa kaunta, kikajipatia maagizo yake chenyewe.

Hayo yote ni kweli. Ubishi unaanza baada ya hapo.

Jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara huuliza ni je, nyaya za baharini zikikatika? Swali lina msingi. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili zinazoihudumia pwani hii, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja katika bahari ya Afrika Kusini, na nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikabaki na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Sham. Na hapa nchini intaneti ilipozimwa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilichukua siku kadhaa kurudi. Mtu aliyepita katika siku hizo ana haki ya kuogopa kifaa ambacho bosi wake anakaa ng'ambo.

Lakini hofu hiyo, ikichunguzwa, haina uzito inayopewa. Vifaa vingi vya aina hii hukumbuka maagizo ya mwisho viliyopewa na kuendelea nayo hata visipofikiwa. Kompyuta ya kaunta itaendelea kuzungumza na mashine ya kuchapia, na na seva ya stoo ikiwa seva hiyo iko ndani ya duka. Kinachokosekana ni uwezo wa kuona na kubadilisha kutoka mbali mpaka mawasiliano yarudi. Iwapo programu yenyewe ya stoo inaishi ng'ambo, basi biashara itasimama siku nyaya zikikatika, hata kama ruta ni ya kizamani kabisa. Kosa hilo ni la programu, na ruta haipaswi kubebeshwa.

Kuna mawili yanayouma kweli wakati wa ukimya huo. Ukurasa wa kuwakaribisha wateja kwenye waifai ya bure, pale mgeni anapoandika namba ya simu kabla ya kuingia, mara nyingi huhifadhiwa kwenye wingu, na hoteli nzima inaweza kukosa kuingiza mgeni mpya. Pia, kama njia ya akiba ya intaneti haikupangwa mapema, kuipanga wakati ule kwa vifaa ambavyo maagizo yake yote yanatoka ng'ambo ni kazi ngumu, kwa sababu fundi aliyesimama mbele ya kifaa anaruhusiwa kugusa mambo machache tu. Dawa ni kufunga laini ya pili, hata ya simu, na kuijaribu kabla ya shida.

Hatari kubwa iko kwenye karatasi ambayo wengi huitia sahihi bila kuisoma, nayo ni leseni.

Mfano unaojulikana zaidi ni Meraki. Kampuni hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 2006, na mwaka 2012 ikanunuliwa na Cisco kwa dola bilioni 1.2. Vifaa vyake vinasifiwa na mafundi karibu kila mahali kwa urahisi wa kuviendesha. Lakini anayevinunua analipia kifaa, kisha analipia leseni ya kila kifaa kwa mwaka mmoja, mitatu au zaidi. Kwa utaratibu wake wa leseni uliozoeleka, leseni zote za kampuni moja huisha tarehe moja. Tarehe hiyo ikipita, mteja anapewa muhula wa siku 30. Baada ya hapo ukurasa wa usimamizi unafungwa, na si huo tu: vifaa vyenyewe vinaacha kupitisha mawasiliano. Ruta iliyolipiwa fedha taslimu, iliyomo kwenye kabati la mwenyewe na inayotumia umeme wa mwenyewe, inakuwa kisanduku cha bati.

Kuna lingine katika utaratibu huo linalowashika wafanyabiashara wanaokua. Mtu akifungua tawi jipya na kuongeza vifaa viwili bila kuongeza leseni mbili, hesabu ya kampuni nzima inakuwa pungufu. Siku 30 zikiisha bila kurekebishwa, kinachosimama ni mtandao wote, pamoja na matawi yaliyolipiwa.

Haifai kusema kwamba huo ni wizi. Masharti yameandikwa, na mtengenezaji anatoa huduma ya kweli kwa ada hiyo: msaada wa mafundi, marekebisho ya usalama, na kubadilishiwa kifaa kilichoharibika. Tatizo ni kwamba mfanyabiashara wa hapa amezoea kununua kitu kikawa chake. Jenereta aliyoinunua mwaka 2010 bado inanguruma uani. Mizani ya duka ina umri wa mtoto wake wa sekondari. Kwa vifaa vya leseni, ananunua bati na kukodi uhai wake, na kodi hiyo inadaiwa kwa dola.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, wala haikutoka kwenye orodha ya bei ya mtu yeyote. Mfanyabiashara ana maduka manne: Kariakoo, Arusha, Mbeya na Mwanza. Kila duka lina ruta moja, swichi moja na vifaa viwili vya waifai, jumla vifaa 16. Leseni ikichukuliwa kuwa wastani wa dola 100 kwa kifaa kwa mwaka, anadaiwa dola 1,600 kila mwaka, yaani dola 8,000 kwa miaka mitano, mbali na bei ya vifaa na kodi. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi milioni nne kwa mwaka.

Upande wa pili wa daftari yupo fundi. Safari moja ya kwenda mkoani, nauli, malazi, posho na siku mbili za kazi, ikihesabiwa shilingi 400,000, na kila tawi la mkoani likimhitaji mara tatu kwa mwaka, safari tisa zinakula shilingi milioni 3.6. Tofauti ni shilingi laki nne tu, na bado hayajahesabiwa mauzo yaliyopotea wakati fundi yuko njiani. Kwa hesabu hii leseni haionekani ghali hata kidogo. Lakini ikiwa fundi huenda mara moja tu kwa mwaka kila tawi, safari zote zinagharimu shilingi milioni 1.2, na leseni inakuwa anasa. Kwa hiyo jambo la kwanza kutafuta ni stakabadhi za safari za fundi za miaka miwili iliyopita, kabla hata ya kuifungua karatasi ya muuzaji. Wengi hawana stakabadhi hizo, na hapo ndipo maamuzi yanapofanywa kwa kubahatisha.

Kisha kuna dola yenyewe. Mwaka 2024 peke yake dola iliwahi kupita shilingi 2,700 hapa nchini, na kabla ya mwaka kwisha ikawa imeshuka chini ya 2,500. Kwa leseni za dola 1,600, tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi laki tatu kwa karatasi ileile. Jirani zetu wa Kenya waliona makubwa zaidi: Januari 2024 dola ilinunuliwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, na baada ya miezi michache ikawa inazunguka 130. Aliyelipia leseni hizo 16 Januari alitoa shilingi 256,000. Aliyengoja angetoa 208,000. Bahati hiyo ilikuwa ya kushuka. Mwaka mwingine itakuwa ya kupanda, na tarehe ya leseni haingoji soko la fedha litulie.

Wauzaji wana jibu: lipia miaka mitano kwa mkupuo, upate punguzo, na dola isikusumbue. Kwa kampuni kubwa yenye fedha zilizokaa benki, jibu hilo ni zuri. Kwa mfanyabiashara ambaye mtaji wake unazunguka mara nne au tano kwa mwaka, ni kufungia shilingi milioni 20 ndani ya kitu kisichouzika. Riba ya mikopo ya benki hapa nchini imekuwa ikizunguka asilimia 15 kwa miaka kadhaa. Punguzo la muuzaji lisipofikia gharama hiyo, halimfai anayekopa ili alipe.

Baadhi ya mafundi, wakisikia yote haya, husema basi abaki na ruta zake za zamani. Ushauri huo nao una gharama yake, na ipo kesi inayoonyesha. MikroTik ni kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, na ruta zake zimeenea sana Afrika Mashariki kwa sababu ni za bei nafuu, zina uwezo mkubwa, na leseni inayokuja na kifaa haina mwisho. Aprili 2018 kampuni hiyo ilitoa marekebisho ya kuziba tundu la usalama katika programu ya ruta zake. Marekebisho yalikuwa ya bure, na kila fundi angeweza kuyaweka kwa dakika chache. Miezi michache baadaye, kuanzia Brazil, wahalifu waliteka ruta zaidi ya laki moja na nusu duniani ambazo hakuna aliyezigusa, wakazitumia kuchimba fedha za kidijitali kupitia kompyuta za waliokuwa wakiperuzi.

Mtengenezaji alifanya wajibu wake. Waliokosekana ni watu wa upande wa wenye ruta. Na huo ndio ukweli wa maduka mengi: ruta ilifungwa na fundi wa mwaka ule, neno la siri limeandikwa kwenye boksi lililotupwa, na tangu hapo haijaguliwa wala kuboreshwa. Mwenye duka anaamini ni yake kwa sababu aliinunua. Mtu asiyejua neno la siri la ruta yake hana tofauti kubwa na yule ambaye leseni yake imeisha.

Kati ya hayo mawili ipo njia ambayo haitangazwi kwa nguvu, pengine kwa sababu haimletei muuzaji kodi ya kila mwaka. Baadhi ya watengenezaji, UniFi ya kampuni ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link wakiwa wanaojulikana zaidi sokoni, wanauza vifaa ambavyo msimamizi wake, yaani kontrola, anaweza kuwekwa na mwenye biashara mwenyewe. Inaweza kuwa kisanduku kidogo kinachokaa makao makuu, au programu kwenye kompyuta. Matawi yote yanaonekana kwenye ukurasa mmoja, maagizo yanabadilishwa kutoka mbali, safari za fundi zinapungua, na hakuna ada ya kila kifaa kila mwaka kwa kontrola ya namna hiyo. Kontrola ikizimika, waifai na ruta zinaendelea.

Kwa mfanyabiashara wa maduka manne wa mfano wa hapo juu, njia hii ndiyo yenye mantiki zaidi. Itampa sehemu kubwa ya faida za wingu na kumwachia ufunguo. Hata hivyo si ya bure kama inavyosemwa. Kontrola inataka kuboreshwa, inataka nakala ya akiba, inataka umeme usiokatika ovyo, na inataka mtu mmoja mwenye jina ambaye kazi hiyo iko kwenye mkataba wake. Mwenye biashara asipokuwa tayari kumlipa mtu huyo kila mwezi, hata kidogo, basi afadhali alipe leseni, maana huko angalau kuna mtu anayeboresha vifaa usiku.

Ufunguo ni wa nani? Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea bila kelele. Vifaa vya wingu huandikishwa kwa namba yake ya kiwandani kwenye akaunti, na akaunti inafunguliwa kwa anwani ya barua pepe. Fundi mwenye haraka hutumia barua pepe yake. Mwaka wa pili wanakosana kwa ajili ya malipo, fundi anaondoka, na mtandao wote wa kampuni unaondoka naye mfukoni. Kuurudisha kunataka kumwandikia mtengenezaji, kuonyesha hati za ununuzi, na kusubiri. Kampuni iwe na anwani yake, akaunti ya juu iwe kwa jina la mmiliki au mkurugenzi, na fundi apewe kibali cha kazi ambacho kinaweza kufutwa. Neno la siri liwe na uthibitisho wa pili kwa simu ya kampuni, wala si ya fundi.

Jambo hilohilo linawahusu wanaonunua vifaa vilivyotumika. Vifaa vya namna hii huuzwa kwa bei chee vikitokea kwenye ofisi za ng'ambo zilizobadilisha mitambo, na kwa macho ni vipya. Kifaa cha leseni ambacho hakikuondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza hakiwezi kuandikishwa upya, na hata kikiondolewa bado kinataka leseni mpya kabla ya kufanya kazi. Aliyenunua swichi kumi za namna hiyo kwa furaha amenunua vyuma chakavu. Asubiri kwanza muuzaji aingize namba ya kifaa kwenye akaunti yake mbele ya macho, ndipo atoe fedha.

Kuhusu usalama wa wingu lenyewe, inatosha kusema kwamba wakubwa nao hukosea. Agosti 2017 wahandisi wa Meraki walibadilisha maagizo katika hifadhi yao ya Marekani Kaskazini, na kwa kosa hilo baadhi ya mafaili yaliyowekwa na wateja, kama vile ramani za majengo na nembo za kurasa za kukaribishia wageni, yakafutika. Maagizo ya mtandao yenyewe hayakuguswa. Desemba 2023 Ubiquiti ilikiri kwamba, kwa kosa lililotokea wakati wa kuboresha mfumo wake wa wingu, akaunti 1,216 zilichanganywa na akaunti nyingine 1,177, na baadhi ya wateja wakajikuta wakiona vifaa vya watu wasiowajua. Makosa hayo hayatoshi kumzuia mtu kuhama. Yanatosha kumfanya aweke nakala ya maagizo yake kwake, na asiunganishe kamera za ofisi ya mhasibu na wingu bila sababu. Anayekusanya namba za simu za wateja kwenye waifai akumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana yeye aliyezikusanya, hata kama zimelala kwenye kompyuta ya mtu mwingine nje ya nchi.

Mwekezaji mdogo naye ana la kutazama katika habari hii, kwa pande mbili.

Upande wa watengenezaji, mwelekeo uko wazi. Biashara ya kuuza kifaa mara moja na kungoja kiharibike haiwapendezi tena wenye hisa. Inayowapendeza ni ada inayorudi kila mwaka. Juniper iliinunua Mist, kampuni ya waifai ya wingu, mwaka 2019 kwa dola milioni 405, na mwaka 2025 Juniper yenyewe ikanunuliwa na Hewlett Packard Enterprise kwa takriban dola bilioni 14. Fedha hizo zitarudishwa na wanaolipa leseni. Mnunuzi anayedhani ada zitashuka kadiri miaka inavyokwenda hana ushahidi wa kutegemea.

Upande wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Mtu anayetaka kuingia ubia katika hoteli, shule binafsi au maduka yenye matawi huonyeshwa orodha ya mali, na ndani yake mna mstari wa vifaa vya kompyuta na mtandao. Mstari huo siku hizi unaweza kudanganya. Vifaa vya shilingi milioni 30 ambavyo leseni yake imebakiza miezi miwili si mali ya milioni 30. Nyuma yake kuna deni ambalo halikuandikwa, kwa sababu mtandao utasimama lisipolipwa. Kinyume chake, leseni iliyolipiwa miaka minne mbele ina thamani, ila iwe kwenye akaunti ambayo inaweza kukabidhiwa kwa mmiliki mpya. Mkaguzi makini ataomba aonyeshwe ukurasa wa usimamizi, asome tarehe ya mwisho, ahesabu vifaa na leseni kama vinalingana, na aulize akaunti ni ya nani. Ni kazi ya nusu saa. Mwenye biashara akisema fundi pekee ndiye anayeweza kuufungua, jibu limeshapatikana.

Kwa mwenye duka moja, yote haya hayamhusu sana. Ruta nzuri isiyo na leseni, inayoboreshwa mara moja kila miezi mitatu na fundi anayekaa mtaa wa pili, inamtosha, na fedha za leseni ziende kwenye mzigo. Kampuni yenye matawi 20 au zaidi, yenye idara ya hesabu inayojua kupanga malipo ya dola mwaka mzima mbele, haina sababu ya kuogopa leseni. Wafanyakazi wawili wanaweza kuendesha mtandao ambao zamani ungetaka kumi. Walio katikati, wenye maduka matatu hadi kumi, ndio wanaobembelezwa zaidi na wauzaji, na ndio wenye cha kupoteza.

Hao, kabla ya kutia sahihi, wanaweza kumtaka muuzaji aandike kwa mkono wake, chini ya ankara, sentensi moja inayosema kifaa hiki kitafanya nini siku ya 31 baada ya leseni kwisha. Akiandika kwamba kitaendelea kufanya kazi bila usimamizi wa mbali, mazungumzo ya bei yaendelee. Akiandika kwamba kitasimama, mazungumzo yanaweza kuendelea vilevile, ila tarehe hiyo iingizwe siku hiyohiyo kwenye kalenda ya mhasibu, miezi mitatu kabla, kando ya kodi ya pango na bima ya moto.